Ukitaka Kusomea Uongozi wa Michezo

Machi 8, 2025 Dar es Salaam iliamka imevaa jezi. Yanga na Simba walikuwa wakutane jioni ile Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mashabiki wa mikoani walishaingia mjini. Mechi haikuchezwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo Simba walifika uwanjani kufanya mazoezi, haki ambayo kanuni za ligi humpa timu mgeni, wakazuiwa kuingia. Wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo saa chache kabla ya filimbi, na ukaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Vijiweni ubishi ulikuwa nani kamkimbia nani. Ulikuwapo ubishi mwingine uliokosa wasemaji: kanuni yenyewe inasemaje neno kwa neno? Mgeni anatakiwa kumwarifu nani kwamba anakuja, saa ngapi, kwa barua au kwa simu? Mlinzi wa geti alipewa maagizo na nani, na yameandikwa wapi? Mechi kubwa kuliko zote nchini ilikwama kwenye maswali ya aina hiyo, wala si kwenye mguu wa mshambuliaji.

Kama maswali hayo yamekuvutia kuliko matokeo, basi huenda kozi ya uongozi wa michezo inakufaa. Kama yamekuchosha, endelea kuwa shabiki. Ni cheo kizuri na hakina ada.

Nasema hivi mapema kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza habari za kozi hii huwa na picha ya usemaji wa klabu vichwani. Wamewasikiliza akina Haji Manara, Ahmed Ally na Ali Kamwe, wakaona kazi ndiyo ile: kipaza sauti, utani na safari za Cairo na Casablanca. Usemaji ni kiti kimoja katika jengo lenye vyumba vingi. Vyumba vilivyobaki vina watu wanaoandika barua, wanaokagua mikataba, wanaopiga hesabu za nauli, wanaobishana na hoteli kuhusu idadi ya vyumba, na wanaokaa hadi usiku wa manane dirisha la usajili likifungwa ili jina moja liingie kwenye mfumo kwa wakati. Huko ndiko utakakoajiriwa.

Mahali pa kusoma

Kwa Tanzania, chuo kilichoanzishwa mahsusi kwa kazi hii ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, kilicho chini ya wizara inayoshughulikia michezo. Malya si mjini. Ukizoea Sinza utaona siku ndefu. Lakini utaishi na makocha, walimu wa michezo na watu waliotumwa na halmashauri zao, na katika fani hii kujuana ni nusu ya mtaji. Mwenzako wa bweni leo ndiye afisa michezo wa wilaya utakayemwomba uwanja kesho.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Hiyo imeegemea ualimu na sayansi ya mwili kuliko ofisi, lakini wengi waliopita pale wamekaa kwenye vyama na mabaraza ya michezo. Ukivuka mpaka, Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi kimekuwa kikifundisha burudani na uongozi wa michezo, na Kyambogo kule Kampala nako kuna masomo ya michezo. Kabla hujalipa hata ada ya fomu, hakikisha jambo moja: kwa vyuo vya kati angalia kama kozi iko kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, na kwa vyuo vikuu angalia cha TCU. Angalia kozi, usiishie kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa na usajili safi huku kozi mpya ya michezo iliyotangazwa kwenye bango ikiwa bado haijapata kibali, na wewe ukagundua mwaka wa pili.

Kwa ngazi ya cheti, kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini ndiyo kawaida ya kuingilia. Vigezo vya shahada hutofautiana na hubadilika, hivyo soma kitabu cha mwaka huu, si cha kaka yako.

Ukienda kuulizia, au ukipiga simu, usiulize chuo kina uwanja mzuri kiasi gani. Uliza nani anafundisha somo la sheria na kanuni za michezo, na kama aliwahi kukaa kwenye kamati yoyote ya nidhamu au rufaa. Uliza mwanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo kwa vitendo, kwa wiki ngapi, na nani hufuatilia. Uliza kama kuna somo la fedha linalofika kwenye kutengeneza bajeti na kusoma hesabu zilizokaguliwa. Mkufunzi akijibu maswali hayo bila kupepesa, chuo hicho kinajua kinachofanya. Akianza kukusimulia timu yao ilivyotwaa kombe la vyuo, mshukuru, uendelee kutafuta.

Kuna njia nyingine ambayo haisemwi sana. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Mataifa ya Afrika Lagos mwaka 1980, alikuwa mhandisi kwa taaluma. Ndiye aliyekuja kuongoza shirikisho la soka, TFF, kuanzia 2004, chama cha zamani cha FAT kilipozikwa, hadi 2013. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Hawakuanzia darasa la uongozi wa michezo. Kwa hiyo ukipata nafasi ya uhasibu au sheria katika chuo imara, na nafasi ya uongozi wa michezo katika chuo legelege, mimi ningekwambia chukua uhasibu. Michezo utaiongeza juu yake: kozi fupi za utawala zinazoendeshwa kupitia Kamati ya Olimpiki, semina za Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na TFF, na baadaye, ukiwa na uzoefu, shahada za juu kama ile ya FIFA Master, ambayo tangu mwaka 2000 huwapitisha wanafunzi Leicester, Milan na Neuchâtel. Mhasibu anayejua kanuni za usajili hakosi kazi. Mwenye cheti cha michezo asiyejua kusoma taarifa ya benki atazunguka sana.

Masomo mawili ya kuyakamata shingoni

Ratiba itakuwa na mengi: historia ya michezo, saikolojia, masoko, utafiti, huduma ya kwanza, uendeshaji wa matukio. Yasome, ufaulu. Ila yapo mawili ambayo ukiyalegezea utakuwa umelipa ada bure.

La kwanza ni sheria na kanuni. Anzia nyumbani: Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, ambayo ndiyo iliyozaa BMT, na kazi ya Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo. Kisha chukua kanuni za Ligi Kuu za msimu huu uzisome kuanzia ukurasa wa kwanza, kama unavyosoma mkataba wa nyumba unayotaka kupanga. Watu wengi wa mpira hawajawahi kuzimaliza. Wewe uwe umezimaliza.

Halafu nenda kwenye kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Ni ndefu na lugha yake kavu, lakini humo ndimo pesa ilimolala. Chukua mfano wa fungu la mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hukatwa ili igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka aliokaa kwako akiwa na miaka 12 hadi 15 unakupa asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka wa 16 hadi 23 unakupa asilimia 0.5. Tuseme kijana aliyekaa kwenu tangu miaka 16 hadi 19 anauzwa dola 2,000,000. Miaka minne kwa 0.5 ni asilimia 2, yaani dola 40,000. Kwa klabu ya Championship, ligi yetu ya daraja la pili, hiyo ni nauli na posho za muda mrefu.

Sasa ugumu uko hapa. Tangu mwishoni mwa 2022 fedha hizo hupitia ofisi ya FIFA ya malipo iliyoko Paris, nayo hugawa kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya kielektroniki ya mahali alikosajiliwa mwaka hadi mwaka. Kama kijana alicheza kwenu misimu minne lakini mlimsajili kwenye daftari la kaunta, mlichofaidi ni picha za kumbukumbu tu. Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, kisha Genk 2016 na Aston Villa Januari 2020. Vijana wa njia hiyo watakuja wengine. Swali ni kama kuna mtu katika klabu zao za awali anayejaza mfumo leo, wakiwa na miaka 14 na hawajulikani na yeyote.

Upande wa pili wa kanuni hizohizo ni madeni. Klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia notisi ya siku 15, na zikipita bila kulipwa anavunja mkataba akiwa na haki. Kesi ikifika FIFA na uamuzi ukatoka bila maelezo ya sababu, klabu ina siku 10 za kuomba sababu hizo. Ikinyamaza, uamuzi umekuwa wa mwisho. Ikipewa sababu na isiporidhika, ina siku 21 za kukata rufaa kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, iliyoko Lausanne. Asiyelipa baada ya hapo hufungiwa kusajili. Habari za klabu zetu kufungiwa usajili umezisoma magazetini. Wengi husema "FIFA wametuonea". Mara nyingi chanzo ni barua pepe iliyokaa bila kufunguliwa kwa sababu aliyekuwa na neno la siri aliondoka na uongozi uliopita. Kukabidhiana ofisi kwa maandishi, pamoja na maneno ya siri, ni jambo dogo ambalo wewe kama kijana mpya unaweza kulianzisha siku ya kwanza.

Na kanuni hazifungi klabu peke yake. Novemba 2021 serikali ya Kenya iliuweka kando uongozi wa shirikisho la soka na kuunda kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa kuingiliwa na mtu wa nje, na Harambee Stars wakatolewa kwenye mbio za kufuzu Mataifa ya Afrika. Adhabu iliondolewa Novemba mwaka huo. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu nani alikuwa na haki, na mimi ninayo yangu, lakini mwanafunzi anayeweza kueleza kwa ukurasa mmoja mpaka wa mamlaka ya wizara, baraza na shirikisho atakuwa mtu adimu katika mkoa wowote atakaopangiwa.

La pili ni fedha, na hapa sina maana ya nadharia. Chukua mechi ya kawaida: watu 3,000 wameingia kwa sh 5,000. Mlangoni pamepatikana sh 15,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atazidisha, atapata sh 2,700,000, na atakuwa amekosea. Kiingilio cha sh 5,000 tayari kina kodi ndani yake, hivyo unagawa 15,000,000 kwa 1.18 kwanza. Kodi ni kama sh 2,288,000. Tofauti ni zaidi ya sh 400,000, na hiyo ni posho ya timu nzima ya vijana kwa safari. Baada ya kodi ndipo makato mengine huanza kushuka moja baada ya jingine: uwanja, shirikisho, chama cha mkoa, waamuzi, ulinzi. Jifunze kuijaza karatasi hiyo ya mgawanyo kwa mkono kabla hujaijaza kwenye kompyuta, maana siku ya mechi umeme unaweza kukatika na kamisaa atataka saini yake kabla hajaondoka.

Ukishaielewa mechi moja, panda juu. Mei 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya sh bilioni 225.6. Jiulize fedha hiyo hugawiwaje kati ya bingwa na anayeshika mkia, na klabu inayotegemea mgao huo inafanyaje mwezi ambao haujaingia. Tazama pia mabadiliko ya Simba, wanachama walipokubali mwekezaji achukue asilimia 49 na wao wabaki na 51. Asilimia ni rahisi kutaja. Kazi ngumu ni kujua klabu iliyokuwapo tangu 1936 inathaminishwaje: jina, jezi, jengo la Msimbazi, mashabiki wasiohesabika. Hilo ni swali zuri la tasnifu, na sijaona wengi wakilikimbilia.

Kwenye masoko utakutana na kampuni za kubashiri, kwa kuwa tangu SportPesa iwadhamini Simba na Yanga mwaka 2017 fedha za michezo ya kubahatisha zimekuwa kwenye jezi zetu. Fahamu tu kwamba kanuni za maadili za FIFA zinamkataza kiongozi na mtumishi wa mpira kubashiri mechi za mpira. Siku utakayoajiriwa na klabu, mikeka yako imefika mwisho, hata ile ya ligi ya Uingereza. Wapo wanaodhani huo ni utani.

Kikao cha asubuhi

Uendeshaji wa matukio ni somo ambalo darasani huonekana jepesi, na kulijua ni mpaka ulione. Omba, kwa heshima zote, uruhusiwe kukaa nyuma kwenye kikao cha maandalizi ya mechi. Ni saa nne asubuhi, chumba kina meza moja ndefu na chupa za maji. Yuko kamisaa wa mchezo, waamuzi, viongozi wa timu mbili, msimamizi wa kituo, polisi, daktari, watu wa televisheni. Viongozi wa timu wametandika mezani jezi, bukta na soksi, za wachezaji wa ndani na za kipa. Mwamuzi anazitazama kwa zamu. Soksi za mgeni zinafanana na za mwenyeji. Mgeni ana nyingine? Ziko hotelini. Hoteli iko wapi? Mtu anatumwa.

Kisha kamisaa anauliza gari la wagonjwa. Anajibiwa linakuja. Kamisaa mzoefu haridhiki na neno hilo. Anataka namba ya gari, jina la dereva na simu yake, na anaipiga palepale. Mwangalie kamisaa wa namna hiyo kwa makini. Kila kitu ambacho hakikupata jina la mtu na namba ya simu katika kikao kile ndicho kitakachokuja kuharibika saa kumi jioni, na hapo lawama itatafuta mwenyewe.

Matukio makubwa ni kikao hichohicho kilichovimba. Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mchezo wa marudiano ulipaswa kuwa Benjamin Mkapa, uwanja wa watu 60,000. Mvua kubwa ikaharibu eneo la kuchezea, shirikisho la Afrika, CAF, likaagiza mechi ihamie Uwanja wa Amaan Zanzibar, unaobeba kama watu 15,000, ikachezwa Mei 25 na kuisha 1-1. Jaribu kukaa na daftari ujichukulie wewe ndiye meneja wa mashindano na taarifa imekufikia asubuhi. Tiketi zilizopangwa, wadhamini walioahidiwa viti, boti za kuvuka, vyumba vya hoteli Unguja, mabango ya matangazo, ulinzi, waandishi wa Morocco. Andika utaanza na simu ipi. Zoezi hilo litakufundisha kuliko mihadhara ya wiki, na unaweza kulifanya bure ukiwa kitandani.

Kazi za namna hii zitahitaji mikono mingi. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na nchi hizohizo tatu zilipewa fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON, za 2027 mnamo Septemba 2023. Mashindano kama hayo hutumia watu wa kujitolea wengi: kuelekeza wageni, kusimamia vitambulisho, kutafsiri, kupokea timu viwanja vya ndege. Omba mapema, na ukikubaliwa omba kitengo chenye karatasi, kama vitambulisho au usafiri. Kushika bendera uwanjani ni raha ya siku moja.

Wala usiufanye mpira wa miguu kuwa dunia nzima. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, na ukitazama idadi ya watu waliosomea kuendesha riadha hapa nchini utaona pengo lilivyo. Mbio za barabarani zimejaa kalenda tangu Kilimanjaro Marathon ilipoanza Moshi mwaka 2003. Kila moja inahitaji njia iliyopimwa, maji, matabibu, kibali cha polisi, saa za kupima muda. Netiboli, ngumi za kulipwa, kikapu, vyote vina vyama vyenye katibu mmoja anayefanya kazi ya watu watano. Huko kijana hupewa majukumu mapema.

Fildi, na kinachofuata

Ndipo nafika kwenye mafunzo kwa vitendo. Kila mwanafunzi anataka kwenda Simba, Yanga au Azam. Ushauri wangu ni tofauti, na najua hautapendwa: fildi ya kwanza nenda kwa afisa michezo wa wilaya au chama cha soka cha mkoa. Klabu kubwa itakupa fulana, picha na kazi ya kubeba vizibao. Chama cha mkoa kitakupa kabati la mafaili. Utaandika mihtasari, utapanga ratiba ya ligi ya mkoa yenye timu zisizo na nauli, utapokea rufaa iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari na utatakiwa kusema kama imewasilishwa ndani ya muda. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukikukuta huko, bahati yako: maelfu ya wanafunzi, mabweni ya kuazima, chakula, matabibu, na bajeti iliyoingia nusu.

Ukifika, shikamoo kwa kila mtu, kuanzia mzee wa geti. Usianze kumwonyesha katibu mwenye miaka 20 kazini jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Mwombe akueleze ligi ya mwaka fulani ilivyokwama, umwache azungumze. Baada ya wiki atakuomba mwenyewe umsaidie kuingiza majina kwenye mfumo.

Jioni zikiwa tupu, kuna kozi za bure mtandaoni zenye vyeti vinavyotambulika: WADA wana jukwaa lao la elimu dhidi ya dawa za kuongeza nguvu, liitwalo ADEL, na FIFA wana mafunzo ya ulinzi wa watoto michezoni, FIFA Guardians. Haya ya pili yachukue hata kama hakuna aliyekulazimisha. Vituo vya kulea vipaji vimeongezeka kila mtaa, watoto wanasafirishwa na kulazwa ugenini, na mara nyingi hakuna mtu kwenye msafara anayejua afanye nini mtoto akileta malalamiko dhidi ya mkubwa. Wasichana mnaosoma haya, msiogopeshwe na ofisi zilizojaa wazee. Barbara Gonzalez aliongoza utendaji wa Simba kuanzia 2020, na klabu ilikuwa inaingia robo fainali Afrika.

Kuhusu ajira, kuna milango ya aina mbili. Serikalini ni nafasi za maafisa michezo wa halmashauri na wizara, ambazo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Soma tangazo la zamani uone wametaja sifa zipi za elimu, kwa sababu jina la kozi lililoandikwa kwenye cheti chako linaweza kukuangusha kwenye mchujo kabla hata ya usaili. Fanya hivyo kabla ya kuchagua kozi. Mlango wa pili ni klabu, mashirikisho, kampuni za matukio na vyombo vya habari. Klabu zetu mbili kubwa zimewahi kwenda kutafuta watendaji wakuu nje: Senzo Mazingiza kutoka Afrika Kusini, Andre Mtine kutoka Zambia, François Régis kutoka Rwanda. Wengine walikasirika. Mimi naona ni tangazo la kazi: lipo hitaji, na hapa ndani halijapata watu wa kutosha.

Kwenye usaili nenda na faili lako, si cheti peke yake. Liwe na karatasi ya mgawanyo wa mapato uliyoiandaa, bajeti ya bonanza moja uliloliendesha pamoja na stakabadhi zake, muhtasari wa kikao uliouandika, na barua moja ya rufaa uliyoichambua kwa kurejea kanuni. Majina ya watu yafute. Ukiambiwa uanze kazi "tutaongea baadaye kuhusu malipo", omba barua ya nusu ukurasa inayotaja cheo, muda, posho na nani utaripoti kwake. Wakisema klabu ni familia na familia haiandikiani, kubali kujitolea kwa mwezi mmoja ukitaka uzoefu, lakini tarehe ya mwisho iandike wewe, uwatumie kwa barua pepe, ubaki na nakala.